Pango la Noeli na Sanamu Zake Ndogo: Asili, Vipimo na Matumizi Yake Kanisani na Nyumbani

Kila mwaka, Kipindi cha Majilio kinapokaribia ukingoni, waamini wa parokia zetu huandaa Pango la Noeli. Vijana huleta nyasi na matawi, watoto wa Utoto Mtakatifu huokota mawe, na mama mmoja hufungua sanduku la sakristia na kuzitoa sanamu zilizofungwa katika magazeti ya mwaka uliopita. Katika makala hii tunapenda kueleza asili ya desturi hii, na hasa jambo moja ambalo kwa kawaida halipati nafasi katika mahubiri yetu, nalo ni udogo wa sanamu zenyewe. Jambo hili si la mapambo peke yake. Parokia inapoamua kununua sanamu za kimo cha mtu, au kubaki na zile za shubiri moja, inaamua pia waamini watalisogelea Fumbo la Umwilisho kwa namna gani: kwa kusimama mbali na kutazama, au kwa kuinama na kuingia.

Anayetaka kuona nguvu ya kitu kidogo akae kanisani kwa nusu saa baada ya Misa ya Noeli na kuwatazama watu wanaopita mbele ya Pango. Mtoto hupiga magoti bila kuambiwa, kwa sababu bila kupiga magoti hawezi kuona kilicho ndani. Mzee huvua kofia, huegemea fimbo yake na kuinamisha kichwa. Mwanamume aliyekuwa akizungumza kwa sauti ya mlangoni hupunguza sauti. Hakuna aliyeweka tangazo la kuwataka wafanye hivyo. Kitu kikubwa humfanya mtu arudi nyuma ili akione chote, ilhali kitu kidogo humvuta mbele, na anapokuwa amekikaribia, macho yake huacha kuona viatu na mabenchi yanayomzunguka. Kwa kitambo kifupi yumo ndani ya mandhari ile, akiwa na kimo cha wachungaji.

Lugha yetu ya Kiswahili inaufahamu mchezo huu wa ukubwa na udogo kwa namna ambayo lugha nyingine zinaweza kutuonea wivu. Mto tunaufanya kijito, mlima tunaufanya kilima, mji tunaufanya kijiji; na tukitaka kwenda upande wa pili, nyumba inakuwa jumba na nyoka anakuwa joka. Tena kiambishi kilekile cha kupunguza hubeba maana mbili zilizo mbali sana. Tukimwita mtu mzima kijitu, tumemdharau. Tukisema kitoto kichanga, tumeonesha huruma, na mikono yetu iko tayari kupokea. Waamini wanaposimama mbele ya hori, maana hiyo ya pili ndiyo inayowagusa, hata kama hawajaifikiria kisarufi.

Tuanze na asili, kwa kuwa hapa kuna kosa dogo linalorudiwa mara nyingi. Husemwa kwamba Mtakatifu Fransisko wa Assisi ndiye aliyetengeneza sanamu za kwanza za Pango la Noeli. Sivyo. Mwaka 1223, wiki mbili hivi kabla ya Noeli, Fransisko alimwomba mtu wa mji wa Greccio, katika bonde la Rieti nchini Italia, aliyeitwa Yohane, amwandalie hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda. Usiku wa Noeli ndugu zake watawa na watu wa vijiji vya jirani walifika wakiwa na mienge, Misa ikaadhimishwa juu ya hori, na Fransisko, aliyekuwa shemasi, akaimba Injili na kuhubiri. Tomaso wa Celano, aliyeandika maisha ya Fransisko miaka michache baada ya kifo chake, ndiye aliyetuachia habari hizi. Usiku ule hapakuwa na sanamu hata moja. Wanyama walikuwa hai, nyasi zilikuwa nyasi kweli, na nafasi ya Maria, Yosefu na wachungaji ilijazwa na watu waliokuwapo. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko alilikumbusha jambo hili katika Waraka wake wa Kitume juu ya maana na thamani ya Pango la Noeli, Admirabile signum, aliousaini hukohuko Greccio tarehe 1 Desemba 2019.

Ng'ombe na punda wenyewe hawatajwi na Mwinjili Luka. Anachotaja ni hori, na kwa kuwa hori ni chombo cha kulishia mifugo, Mapokeo yaliwaleta mifugo hao kutoka katika sura ya kwanza ya Nabii Isaya, anapowalinganisha na taifa lisilomtambua Bwana wake. Pango nalo ni la kale sana katika Mapokeo. Mtakatifu Yustino Mfiadini alilitaja katika karne ya pili.

Miaka kama sabini baada ya Greccio, mchongaji Arnolfo di Cambio alichonga kwa mawe sanamu za Kuzaliwa kwa Bwana kwa ajili ya Basilika la Bikira Maria Mkuu, Roma, ambamo huhifadhiwa vipande vya mbao vinavyoheshimiwa kuwa masalia ya hori la Bethlehemu. Baadhi ya sanamu hizo zipo hadi leo, nazo huhesabiwa miongoni mwa za kale zaidi za aina hiyo. Kutoka mawe hayo mazito hadi kisanamu kinachotoshea kiganjani ni safari ndefu, na tungependa kukaa katika vituo vyake viwili, Napoli na Provence, kwa sababu ndivyo vinavyotufundisha zaidi.

Napoli, kusini mwa Italia, ndiyo iliyoufanya udogo kuwa sanaa kamili. Katika karne ya 18, chini ya Mfalme Karolo wa ukoo wa Bourbon, aliyeanza kutawala huko mwaka 1734, mapango ya Noeli yalijaa katika makanisa, katika majumba ya wakuu na katika nyumba za watu wa kawaida. Padre Gregorio Maria Rocco, Mdominikani aliyehubiri katika mitaa ya maskini, aliihimiza kila familia iwe na pango lake. (Padre huyohuyo aliwashawishi watu wawashe taa mbele ya picha takatifu za barabarani, na kwa njia hiyo mji uliokuwa giza ukapata mwanga wa usiku. Ni mfano mzuri wa ibada iliyomfaa hata mpita njia asiyesali.)

Kisanamu cha Napoli hakichongwi kutoka kipande kimoja. Kichwa hufinyangwa kwa udongo na kuchomwa, macho huwa ya kioo, mikono na miguu huchongwa kwa mbao, na kiwiliwili ni waya uliozungushiwa nyuzi za katani. Kwa kuwa waya hupinda, fundi anaweza kumkalisha mchungaji, kumwinamisha, au kumnyoosha mkono anayemwonesha mwenzake nyota. Mavazi hushonwa kwa vitambaa vya kweli, na vifungo, pete na vikapu hutengenezwa kwa vipimo vya mwili huo. Kisanamu cha mbele huwa na kimo cha sentimita 35 hadi 40. Wachongaji wakubwa wa mji hawakuona aibu kuifanya kazi hii: Giuseppe Sanmartino, aliyechonga mwaka 1753 sanamu maarufu ya Kristo aliyefunikwa na utaji wa marumaru, alifinyanga pia vichwa vya wachungaji.

Hapa ndipo mchezo wa vipimo unapoonekana vizuri. Mafundi hawa walitambua kwamba jicho halipimi umbali kwa futi. Linakisia umbali kwa kulinganisha ukubwa wa vitu linavyovifahamu. Basi waliweka mbele visanamu vikubwa, katikati vya wastani, na nyuma kabisa, juu ya mlima wa magome na gundi, vidogo sana. Kisanamu chenye nusu ya kimo cha kile cha mbele, jicho hukidhani kuwa kiko mbali mara mbili. Kwa njia hii meza yenye kina cha mita mbili inaonekana kuwa bonde la maili kadhaa, na Mamajusi wanaoonekana kama nukta juu ya kilima wana safari ya kweli mbele yao. Katika jumba la makumbusho la San Martino, mjini humo, lipo pango kubwa lililotolewa na Michele Cuciniello na kuwekwa hapo mwaka 1879, lenye mamia ya watu na wanyama waliopangwa kwa kanuni hii. Katika mkusanyiko wa jumba hilohilo limo pia pango dogo lililowekwa ndani ya ganda la yai.

Hatuna budi kusema pia kile ambacho Napoli ilikikosea, au angalau ilikikaribia. Katika mapango mengi ya huko, soko hula nafasi yote. Kuna mwuza samaki, mwuza matikiti, mchinjaji mwenye nyama zilizotundikwa, wacheza karata, mgahawa wenye mvinyo, na mtazamaji anayeshangaa ustadi wa vikapu vya mayai anaweza kuondoka bila kumwona Mtoto. Wapo wanaotetea jambo hili kwa kusema kwamba ndivyo ilivyokuwa Bethlehemu: watu walikuwa na shughuli zao, na wengi hawakumwona. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo tunaona kwamba waliotengeneza soko lile walipenda zaidi soko.

Provence, kusini mwa Ufaransa, ina habari nyingine. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, katika miaka ya 1793 na 1794, makanisa yalifungwa, na pamoja nayo Misa za usiku wa Noeli na mapango yaliyokuwa yakiwekwa humo. Waamini hawakuwa na mahali pa kwenda kumwona Mtoto katika hori. Mjini Marseille alikuwapo mfinyanzi aliyeitwa Jean-Louis Lagnel, aliyezaliwa mwaka 1764, ambaye alitengeneza kalibu za kukandamizia udongo, ili visanamu vidogo viweze kutolewa vingi na kuuzwa kwa bei ambayo mvuvi angeimudu. Vikaitwa kwa lugha ya huko santoun, yaani vitakatifu vidogo. Pango lililokuwa limekatazwa hadharani likawekwa juu ya kabati la jikoni, mahali ambapo afisa wa serikali asingelitafuta. Mwaka 1803, dhoruba ilipokuwa imetulia, Marseille ilikuwa na soko maalumu la visanamu hivyo, na soko hilo hufanyika hata siku hizi.

Tunawaalika wasomaji wetu walitafakari jambo hili bila haraka. Imani iliyokuwa imezoea majengo makubwa ilihifadhiwa kwa sehemu fulani katika vitu vya sentimita saba. Mama aliyekuwa nacho kisanamu cha Bikira Maria mfukoni mwa aproni aliweza kumfundisha mwanawe habari ya Noeli bila kuhitaji ruhusa ya mtu. Kitu kikubwa hufungwa kwa kufuli moja. Visanamu elfu vilivyotawanyika katika nyumba elfu haviwezi kufungwa. Nasi ambao jumuiya zetu ndogo ndogo za Kikristo hukutana sebuleni na chini ya miti hatuhitaji maelezo marefu ili kuelewa.

Visanamu vya Provence pia vina watu wa kijijini: mwoka mikate, mnoa visu, mwuza samaki, kipofu anayeongozwa na mwanawe. Yumo pia mmoja anayependwa kuliko wote, mjinga wa kijiji, aliyeinua mikono miwili juu kwa furaha na hana zawadi yoyote ya kuleta. Tofauti na Napoli, hapa kila mmoja ana uso uelekeao hori. Vile vya nyuma, vya sentimita mbili au tatu, hupangwa juu ya vilima vya karatasi kwa hesabu ileile tuliyoieleza.

Kwa kifupi tuitaje Poland. Huko Kraków waashi na maseremala walizoea kutengeneza vibanda vya Noeli wakati wa baridi, ujenzi ulipokuwa umesimama, ili wajipatie riziki. Vibanda hivyo huigiza minara ya makanisa ya mji wao kwa karatasi ngumu na karatasi zing'aazo za rangi, na Mtoto huwekwa katikati ya mnara. Tangu mwaka 1937 hufanyika mashindano katika uwanja mkuu wa mji, Alhamisi ya kwanza ya Desemba, na mwaka 2018 UNESCO iliiweka desturi hii katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu usioshikika. Mtu wa Kraków hamtafuti Kristo katika mji wa mbali; humpunguza kimo mji wake mwenyewe hadi uwe nyumba ya Mtoto.

Nako Bethlehemu kwenyewe mchezo wa vipimo umegeuzwa. Basilika la Kuzaliwa kwa Bwana ni kubwa, lakini mlango wake wa mbele una kimo cha mita moja na robo hivi. Ulizibwa na kupunguzwa katika karne zilizopita ili watu wasiingie humo wakiwa na farasi na mikokoteni. Mahujaji huuita Mlango wa Unyenyekevu. Askofu na mbeba mizigo huingia kwa mgongo ule ule uliopinda, na mtoto wa miaka mitano peke yake ndiye anayepita akiwa amesimama wima. Pale hawakuhitaji sanamu ndogo, kwa kuwa mlango humfanya mtu mwenyewe awe mdogo.

Turudi nyumbani. Afrika Mashariki haikupokea visanamu vya Noeli kama watu wasiojua kufinyanga au kuchonga. Wamakonde wa Mtwara na wenzao wa Msumbiji walikuwa mabingwa wa kuchonga kabla hawajaagizwa Familia Takatifu ya mpingo, na mchongaji hodari huacha makusudi sehemu ya ganda jeupe la mti ule ili iwe ushungi wa Bikira Maria au nepi ya Mtoto. Wakamba wa Wamunyu nchini Kenya huchonga kwa mbao laini zaidi, na wachongaji wa Tabaka, katika nchi ya Wakisii, hutumia jiwe la sabuni ambalo hupendeza hasa linaposhikwa mkononi. Wapo pia wanaosuka Familia Takatifu kwa majani makavu ya mgomba, na visanamu hivyo vina wepesi ambao marumaru haina. Watoto wachungaji katika sehemu nyingi za nchi yetu hufinyanga ng'ombe wa udongo wakiwa malishoni, wenye pembe na nundu, bila kufundishwa na mtu. Na mtoto wa mjini hutengeneza gari la waya lenye magurudumu ya kandambili. Katekista mwenye busara hana haja ya kutafuta mafundi mbali.

Katika jambo hili tuliwahi kukosea sisi wenyewe. Tulipokuwa paroko katika parokia ya vijijini, tulikuta seti ya sanamu za udongo zilizofinyangwa na mama mmoja wa kigango cha jirani, kila moja na kimo cha shubiri. Punda alikuwa na sikio moja, na nyuso zilikuwa za watu wa pale. Kamati ya liturujia ilitaka kitu cha heshima zaidi. Waamini wakachanga, tukaagiza mjini sanamu za plastiki ngumu zenye kimo cha mtoto wa miaka kumi, tukazizungushia kamba na taa zinazobadilisha rangi, na kuziweka karibu na altare. Usiku wa Noeli watu walizipiga picha kwa simu, wakiwa wamesimama nyuma ya kamba. Hakuna aliyepiga magoti, na kamba isingemruhusu.

Siku ya tatu tulipita katika chumba cha mafundisho, tukawakuta watoto sita wamelala kifudifudi sakafuni kuizunguka seti ya zamani, waliyoichukua sakristia bila ruhusa. Mmoja alikuwa akimwongoza punda kwa kidole huku akimsimulia njia. Hatukuwakaripia. Jumapili iliyofuata yule mama mfinyanzi alitusubiri nje ya mlango. Alitusalimu, "Tumsifu Yesu Kristo," nasi tukaitikia, kisha akauliza kwa upole, "Baba, zile za kwangu zilivunjika?" Tukamjibu kwamba hazikuvunjika. Akasema, "Basi ni vema," akaenda zake. Mwaka uliofuata tulizirudisha sanamu zake ndani ya kanisa, karibu na mlango, juu ya meza fupi. Zile kubwa tulizipeleka nje, kwenye lango la barabarani, ambako zinaonekana vizuri na mwendesha pikipiki anayepita. Na hapo, tukiri, zinafaa sana. Hata katika Uwanja wa Mtakatifu Petro, ambako desturi ya pango kubwa ilianza mwaka 1982 wakati wa Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, ukubwa unatokana na upana wa uwanja. Na katika uwanja huohuo, Dominika ya tatu ya Majilio, watoto wa Roma huinua juu visanamu vya Mtoto Yesu walivyovitoa nyumbani ili Baba Mtakatifu avibariki, desturi iliyoanzishwa na Mtakatifu Paulo wa Sita mwaka 1969.

Kwa wale wanaotaka kutengeneza pango dogo nyumbani au katika jumuiya, tunatoa maelekezo machache yanayotokana na tuliyoyajaribu. La kwanza ni kuchagua kipimo kimoja na kukifuata. Chukua kisanamu cha mtu mzima aliyesimama. Kama kina sentimita 15, basi kila sentimita yako inasimama badala ya sentimita 11 hivi za kweli. Mlango wa zizi utakuwa sentimita 18, ng'ombe sentimita 11 begani, punda 9 au 10, kondoo 6. Ngamia asipungue 18, kwa maana ngamia aliye mfupi kuliko Mamajusi huchekesha watu wakati usiofaa. Kosa la kawaida ni kuchanganya seti mbili zilizonunuliwa mahali tofauti, kuku akawa na kimo cha mchungaji. Ukilazimika kuzichanganya, zile ndogo zipeleke nyuma na kuziinua juu kidogo, na kosa litageuka kuwa umbali.

Mtoto mchanga wa sentimita 50, kwa hesabu hiyo, atakuwa na sentimita nne na nusu. Utaona kwamba katika seti nyingi amefanywa mkubwa kuliko hapo, wakati mwingine nusu ya kimo cha mama yake. Hilo si kosa la fundi. Sanaa ya Kikristo tangu kale imempa ukubwa yule anayestahili kutazamwa kwanza; katika picha takatifu za Mashariki zinazohusu Kuzaliwa kwa Bwana, Bikira Maria aliyelala huwa mkubwa kuliko wote wanaomzunguka. Sisi binafsi tunapendelea Mtoto abaki na udogo wake halisi, na macho yaongozwe kwake kwa mwanga na kwa nyuso zinazomwelekea. Lakini hatuwezi kumlaumu aliyechagua vinginevyo.

Mchanga uchekechwe, kwa sababu punje ya kawaida katika kipimo hiki huonekana kama jiwe la kukwaza. Majani yawe madogo: kuvumwani, ncha za msonobari, mimea ya mawe yenye unyevu. Jani moja la mwembe huharibu msitu wote. Kipande cha kioo hufanya kijito. Taa iwe moja, ndogo, iliyofichwa nyuma ya ukuta wa zizi, isiyowakawaka. Na mshumaa usiwekwe kamwe karibu na nyasi kavu. Meza iwe na kimo cha sentimita 60 hivi, ili mtoto aone kwa kusimama na mtu mzima aone kwa kuinama. Kanisani, pango lisizibe altare wala mimbari ya Neno, na mahali pafaapo zaidi ni pale waamini wanapoweza kupita mmoja mmoja.

Hori huachwa tupu hadi Mkesha wa Noeli. Mamajusi nao wasifike mapema. Katika nyumba nyingine huwekwa kwanza juu ya dirisha la mbali, na kila siku mtoto mmoja huwasogeza kidogo, kupitia kabati na redio, hadi Sherehe ya Tokeo la Bwana wanapofika mbele ya hori. Pango hubaki hadi Sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, na katika baadhi ya nchi hadi tarehe 2 Februari, Bwana anapotolewa Hekaluni.

Wakati wa kuzihifadhi, kila sanamu ifungwe peke yake, na Mtoto awekwe juu kabisa ya sanduku ili asielemewe na ng'ombe. Zilizovunjika miguu zinaweza kuunganishwa kwa gundi ya mbao au kuegemezwa ukutani. Zile zisizotengenezeka, kama zilikuwa zimebarikiwa, hazitupwi pamoja na takataka: za mbao na za majani huchomwa na majivu yake kufukiwa, na za udongo huzikwa mahali safi, kwa mfano chini ya mti katika kiwanja cha kanisa.